Mzee wa Kora na simba wake

Huenda ushaiona kwenye simu ile video ya simba anayewarukia vijana wawili wazungu na kuwakumbatia kama ndugu waliopoteana miaka. Simba huyo ni Christian, alinunuliwa dukani London, na kumbatio lile lilirekodiwa 1971 huku kwetu Kora, kando ya Mto Tana, ukipanda na mto kutoka Garissa. Vijana waliondoka. Sasa nikueleze kuhusu mzee aliyebaki.

George Adamson alizaliwa India 1906, akaja Kenya 1924. Alihangaika na vibarua vya kila aina hadi 1938, alipoajiriwa na idara ya wanyamapori na kupewa eneo kubwa la kaskazini, linalozungukwa kwa miguu na ngamia. Krismasi ya 1942 ilimkuta Garissa. Hapo ndipo alipokutana na Joy, wakati huo mke wa mtu mwingine. Walioana 1944.

Mwaka wa 1956 George alimuua simba jike aliyemvamia, kumbe ana watoto watatu. Mmoja wao ndiye Elsa, na kisa chake kikawa kitabu cha Joy, kisha filamu ya Born Free, 1966. Ukiitazama leo utaona mume na mke walioshikana sana. Basi usidanganyike. George alipohamia Kora 1970, Joy alibaki Naivasha.

Kampi ya Simba ilizungushiwa waya: watu ndani, simba nje. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu, ebu ifikirie. Unamlea simba, unamzoesha kuwinda, unamwita kwa jina, na siku asiporudi ndiyo umefaulu. Christian naye alienda zake miaka michache baadaye, hakuonekana tena. Simba mwingine, Boy, alimuua mfanyakazi wa kambi mwaka huohuo wa 1971, na George akampiga risasi kwa mkono wake. Wafugaji wa Kisomali waliotafuta nyasi huko Kora yeye aliwaona kama wavamizi. Kwangu hilo ni doa, na kwenye filamu hutawaona kabisa.

Joy aliuawa Shaba, Januari 1980. Nduguye George, Terence, waliyeishi naye kambini, alifariki 1986. Majangili wenye bunduki walikuwa wamejaa, na watu walimsihi mzee aondoke. Wapi!

Agosti 20, 1989, milio ya risasi ilisikika. Gari la kambi lililombeba mgeni lilikuwa limevamiwa njiani. Mzee wa miaka 83 alichukua bastola, akapanda Land Rover na wafanyakazi wake, akaelekea kulekule. Aliuawa pamoja na wawili kati yao, akazikwa Kora karibu na Terence.

Yule mgeni alinusurika.