Habari za Hans Nielsen Hauge, Mkulima wa Norwei

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuwa mchungaji, wala hakupata kusoma katika chuo cho chote kikubwa, lakini Kanisa la Kilutheri la Norwei halikubaki baada yake kama lilivyokuwa kabla yake. Jina lake ni Hans Nielsen Hauge. Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika shamba liitwalo Hauge, kusini-mashariki ya Norwei, karibu na mji wa Fredrikstad. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye kumcha Mungu, na nyumbani mwao zilisomwa Biblia na Katekisimo ya Luther. Alipokuwa na umri wa miaka 13 mashua yao ilipinduka katika mto Glomma, naye akaopolewa akiwa karibu kufa. Tangu siku ile alijiuliza mara nyingi kama angalikuwa tayari kusimama mbele ya Mungu, wala hakupata jibu la kumtuliza.

Hata tarehe 5 Aprili 1796, alipokuwa na umri wa miaka 25, alikuwa akilima shamba la baba yake kwa plau, huku akiimba wimbo wa kanisani kama ilivyokuwa desturi yake. Ghafula moyo wake ukajazwa upendo wa Mungu kwa namna asiyoweza kuieleza sawasawa hata alipokuwa mzee. Aliona dhambi yake, akaona na neema, tena akaona kwamba imempasa kuwaambia wengine. Siku ile ile akaanza na ndugu zake wa nyumbani.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Siku zile Norwei ilitawaliwa na mfalme wa Denmark, na tangu mwaka 1741 palikuwa na amri ya kukataza watu wasiokuwa wachungaji kukusanya wenzao ili kulihubiri Neno pasipo ruhusa ya mchungaji wa mahali. Nyinyi waalimu mnaosoma gazeti hili, mnaowaongoza Wakristo kwa sala katika vijiji ambavyo mchungaji huvifikia mara chache tu, fikirini jinsi kazi yenu ingalivyokuwa chini ya amri kama hiyo.

Hauge hakunyamaza. Kwa muda wa miaka minane alizunguka katika nchi, sehemu kubwa kwa miguu, na yakadiriwa kwamba alikwenda kilometa 15,000 hivi. Njiani hakuiacha mikono yake ikae bure, bali alifuma soksi na glavu za sufu akitembea. Alipofika shambani kwa mtu alishika kazi pamoja naye, na jioni wakasoma na kuomba. Katika maisha yake aliandika vitabu vipatavyo 30 na zaidi, vikasomwa na wakulima na wavuvi ambao kabla ya hapo hawakuwa na desturi ya kununua vitabu.

Lakini jambo lililowashangaza watu kuliko mahubiri ni biashara yake. Mwaka 1801 alipata haki ya kufanya biashara katika mji wa Bergen, akawa na vyombo vya kuchukua nafaka na samaki. Yeye na rafiki zake walianzisha viwanda, kimoja cha karatasi katika wilaya ya Eiker, na faida waliitumia kuwasaidia wengine kuanza kazi. Aliona kwamba mtu aliyeamka rohoni hana ruhusa ya kuwa mvivu, wala ya kuidanganya mizani. Wakubwa wa nchi hawakuamini. Walisema mkulima huyu awakusanyia wajinga fedha zao ili ajitajirishe mwenyewe.

Alikwisha kukamatwa mara nyingi na kuachiliwa, ila mnamo Oktoba 1804 alikamatwa Eiker, na safari hii hakuachiliwa. Alipelekwa Christiania, ndio mji uitwao sasa Oslo, akafungwa. Mashahidi mamia wakaulizwa katika nchi nzima, na hesabu zake za fedha zikachunguzwa. Miaka ikapita pasipo hukumu. Afya yake ikavunjika, wala hakuwa tena na furaha ile ya shambani. Tusidhani kwamba watu wa Mungu huimba kila siku gerezani.

Mwaka 1807 vita vikaja. Manowari za Waingereza zikaifunga bahari, chakula kikapungua, hata chumvi ikakosekana, na pasipo chumvi samaki huoza. Serikali ikatafuta mtu awezaye kujenga mahali pa kuchemshia maji ya bahari. Ikamkumbuka mfungwa wake! Basi mwaka 1809 Hauge akatolewa gerezani, akatumwa pwani ya kusini, akachagua mahali, akawaonyesha watu kazi, na chumvi ikapatikana. Sisi twaitazama sana safari hiyo. Alikuwa na rafiki karibu katika kila bandari, nao walikuwa na mashua. Tena alikuwa akiitumikia serikali ile ile iliyomfunga miaka mitano bila kumhukumu. Kazi ilipokwisha, alirudi Christiania, akaingia tena gerezani.

Mwaka 1811 akaruhusiwa kukaa nje akingojea hukumu. Ilipotoka, mwaka 1813, ilikuwa kazi ngumu ya miaka miwili. Baraza kuu likaibadilisha mnamo Desemba 1814, ikawa faini ya riksdaler 1,000 pamoja na gharama. Makosa yaliyobaki juu yake yalikuwa mawili, kuivunja amri ya mikutano na kuwatukana wachungaji katika vitabu vyake. La fedha halikuonekana. Kuhusu lile la pili, hatuwezi kumtetea kabisa. Alipokuwa kijana kalamu yake ilikuwa kali kupita kiasi.

Rafiki zake walimsaidia kupata shamba karibu na mji. Mnamo Januari 1815 alimwoa Andrea Nyhus, naye akafariki mwezi wa Desemba mwaka ule ule, baada ya kumzaa mtoto wa kiume, Andreas. Mwaka 1817 Hauge alioa tena, akahamia shamba la Bredtvet. Hapo wachungaji na hata maaskofu walikuja kuzungumza naye, wala hakuwarudishia ubaya. Katika wosia wake aliwaagiza rafiki zake wasijitenge na Kanisa. Alifariki tarehe 29 Machi 1824, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa penye kanisa la Gamle Aker.

Amri ya mwaka 1741 ilifutwa mwaka 1842. Mwaka huo huo, katika mji wa Stavanger, wengi wa wafuasi wake wakaungana na wengine kuanzisha chama cha misioni, kilichotuma watu kwa Wazulu na baadaye Bukini. Naye Andreas, yule mtoto aliyefiwa na mama yake, alisoma, akabarikiwa, akawa mchungaji katika Kanisa lile lile.