Maisha ya Alfred Büchi, Mtu Aliyeupa Moshi Kazi

Kila mmoja wetu amepata kusimama kando ya barabara akaliona lori kubwa la dizeli likipanda mlima na shehena yake. Ukitega sikio vizuri, pamoja na ngurumo ya injini utasikia sauti nyembamba kama ya mluzi. Mluzi huo mara nyingi ni wa chombo kiitwacho tabochaja. Vijana wapendao motokaa hubishana sana juu ya chombo hicho: je, ifungwe kubwa au ndogo, ili motokaa ya barabarani ipate nguvu nyingi za farasi? Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyekibuni. Basi yafaa tusimulie maisha yake, kwa maana ndani yake mna jibu la ubishi huo, na mna fundisho pia.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika mji wa Winterthur, nchi ya Uswisi. Mji huo ulikuwa mji wa mafundi. Hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha Sulzer, na baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa wa kiwanda hicho. Mwaka ule ule aliozaliwa Alfred, kijana mmoja kutoka Ujerumani alikuwa akijifunza kazi ya mikono katika kiwanda hicho. Kijana huyo ni Rudolf Diesel, ambaye baadaye aliunda injini ya dizeli. Hivyo Alfred alikua akiona mashine na kusikia habari za mashine tangu utotoni.

Mwaka 1899 aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, akasomea uhandisi wa mashine, na mwaka 1903 akahitimu. Kisha alikwenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza ili apate ujuzi wa viwandani. Ni katika miaka hiyo ambapo swali moja lilimshika, nalo halikumwacha tena.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Injini huvuta hewa ndani ya silinda, hewa hiyo huchanganyika na mafuta, mafuta huwaka, na nguvu ya moto husukuma pistoni. Kazi ikiisha, moshi hutolewa nje kupitia bomba. Moshi huo hutoka ukiwa na joto kali na mwendo wa kasi. Kama theluthi moja ya nguvu yote iliyomo katika mafuta hupotea kwa njia hiyo. Büchi alijiuliza: je, haifai moshi huo upewe kazi kabla ya kuachwa uende zake?

Jibu lake lilikuwa kuuelekeza moshi upige gurudumu lenye mapanga na kulizungusha, kama upepo uzungushavyo kinu. Gurudumu hilo nalo lizungushe jingine, ambalo kazi yake ni kuvuta hewa safi, kuikandamiza, na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi ndani ya silinda, mafuta mengi zaidi yaweza kuchomwa, na injini ile ile itatoa nguvu kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba 1905, akiwa na umri wa miaka 26, Büchi aliliandikisha wazo hilo nchini Ujerumani ili apate hati ya uvumbuzi. Katika mchoro wake wa kwanza vitu vitatu, yaani kompresa ya hewa, injini yenyewe na gurudumu la moshi, vilikaa juu ya shafti moja.

Labda msomaji atadhani kwamba tangu siku hiyo alipata sifa na mali. Sivyo. Alirudi Uswisi, akafanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, na mwaka 1911 majaribio ya wazo lake yakaanza huko. Matokeo hayakuwaridhisha wakubwa. Vyuma vya siku zile havikustahimili joto la moshi. Tena kulikuwa na tatizo gumu zaidi: gurudumu lililowekwa njiani lilizuia moshi usitoke upesi, na moshi uliobaki silindani ulichukua nafasi ya hewa safi. Chombo kilichokusudiwa kuipa injini pumzi kikawa kinaiziba pua. Miaka ikapita, na bado hapakuwa na injini hata moja ya kuuzwa yenye chombo chake.

Wakati huo watu wengine nao walikuwa wakijaribu njia kama hiyo kwa ajili ya ndege. Mwaka 1918, huko Marekani, mhandisi Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima wa Pikes Peak, kwenye kimo cha zaidi ya meta 4,000, akaonyesha kwamba tabochaja huirudishia injini nguvu inayopotea mahali penye hewa hafifu. Büchi, kwa upande wake, aliendelea na injini kubwa za dizeli.

Mwaka 1925 ndipo alipopata ufunguo. Aliacha kuukusanya moshi wa silinda zote katika bomba moja, akazigawa silinda katika makundi, kila kundi na bomba lake jembamba, ili moshi wa silinda moja usimzuie mwenzake kutoka. Kadhalika alipanga vali ziwe wazi pamoja kwa muda mfupi, ile ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi, hata hewa safi ikafagia silinda kabla ya kazi mpya kuanza. Kwa mpango huo moshi ulifanya kazi yake bila kuidhuru injini.

Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za silinda 10 zenye tabochaja. Nguvu ya kila injini ilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Ongezeko hilo ni zaidi ya asilimia 40, na injini haikuongezwa silinda hata moja! Tangu siku aliyoandikisha wazo lake ilikuwa imepita miaka 20. Makampuni ya meli na ya treni yakaanza kuomba ruhusa ya kutumia mpango wa Büchi, na mwaka 1938 chuo alichosomea kikampa shahada ya udaktari wa heshima. Alifariki tarehe 27 Oktoba 1959 katika mji ule ule wa Winterthur, akiwa na umri wa miaka 80.

Hakuwahi kuona tabochaja katika motokaa za watu wa kawaida, kwani hizo zilikuja mwaka 1962 huko Marekani. Mojawapo ilikuwa Oldsmobile Jetfire, yenye injini ya lita 3.5 na nguvu za farasi 215. Wahandisi walijua kwamba hewa ikikandamizwa hupata joto, na joto likizidi petroli huwaka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Kwa hiyo waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti ili kuipoza hewa. Lakini wenye magari wengi walisahau kulijaza, na motokaa hiyo haikudumu sokoni zaidi ya miaka miwili. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kipoza hewa kinachokaa mbele ya gari mfano wa rejeta.

Sasa turudi kwenye ubishi wa vijana. Achaguaye tabochaja kwa injini yenye nguvu nyingi shurti aanze na hesabu, asianze na tamaa. Kwanza aamue anataka nguvu kiasi gani. Mafundi hukadiria kwamba, kwa injini ya petroli, kila kilo moja ya hewa kwa dakika hutoa kama nguvu za farasi 22. Atakaye nguvu za farasi 440, basi, anahitaji tabochaja iwezayo kupitisha kilo 20 za hewa kila dakika.

Pili, ajue injini itafanya kazi kwa mwendo gani. Tabochaja kubwa ina gurudumu zito, nayo huhitaji moshi mwingi ili iamke. Dereva akikanyaga mafuta mjini, husubiri. Kisha nguvu huja kwa kishindo, pengine katikati ya kona. Tabochaja ndogo huamka upesi, lakini injini ikienda kasi huishiwa pumzi, huipasha hewa joto bure, na huuziba moshi njia. Hilo la mwisho ndilo tatizo lile lile lililomtesa Büchi.

Tatu, akumbuke vitu vingine vyote: vali ya kuupunguza moshi msukumo ukizidi, kipoza hewa, mafuta safi ya kulainisha shafti izungukayo zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na pistoni zenye kustahimili. Mtu akinunua tabochaja kubwa kuliko zote dukani na kuifunga katika injini dhaifu, hajanunua nguvu. Amenunua injini iliyovunjika. Wahenga walisema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Hili ndilo fundisho la maisha ya Büchi. Wazo lake la mwaka 1905 lilikuwa zuri, lakini halikufaa kitu mpaka alipojua kipimo cha kila sehemu, upana wa bomba, na dakika ya kufungua vali. Hakuona haya kurudi kwenye meza ya kuchorea mara baada ya mara, huku wengine wakiona amepoteza wakati. Mwanafunzi ambaye hesabu yake imekataa leo na amlinganishe na mtu huyo aliyengoja miaka 20. Mvumilivu hula mbivu, lakini ale aliyevumilia huku akiendelea kupima, si aliyekaa tu akingoja.