Abdul-Malik bin Marwan na Sarafu Isiyo na Uso

Nilikuwa nikidhani kwamba Waislamu walipoiteka Uajemi waliziyeyusha sarafu zake mara moja. Sivyo. Kwa zaidi ya miaka 40 waliendelea kupiga chapa dirhamu za fedha kwa sura ileile ya zamani: upande mmoja mfalme Khosrow II na taji lake la mabawa, upande wa pili madhabahu ya moto ya Majusi na watu wawili wakiilinda. Walichoongeza ni maneno ya Kiarabu pembeni, kama Bismillah. Na Khosrow huyo ndiye Kisra ambaye sira inatusimulia kuwa aliichana barua ya Mtume (SAW)!

Aliyeukomesha mtindo huo ni Abdul-Malik bin Marwan. Alikulia Madina, akajulikana kwa elimu ya dini kabla ya siasa kumchukua. Mwaka 65 Hijria (685) alimrithi baba yake ukhalifa, huku dola imegawanyika, kwani Abdullah bin Zubair naye alitambuliwa kuwa khalifa huko Makka. Ndiye aliyejenga Qubbat al-Sakhra mjini Quds. Mwaka 77 Hijria akatoa dinari mpya ya dhahabu, na mwaka 79 dirhamu mpya ya fedha, yenye uzito wa karibu gramu 3. Mfalme hayupo, moto haupo. Kuna shahada, Surat al-Ikhlas, jina la mji na mwaka. Hata jina lake mwenyewe hakuliweka.

Niliipenda sana habari hii, mpaka niliposoma iliyotangulia. Mwaka 73 Hijria jeshi lake, chini ya Hajjaj bin Yusuf, liliizingira Makka na kuipiga kwa mitambo ya kurusha mawe. Ibn Zubair, mtoto wa Asma binti Abu Bakr, akauawa humo.

Abdul-Malik alifariki Damascus mwaka 86 Hijria (705). Sarafu zake zikawa mfano kwa watawala wa Kiislamu kwa karne nyingi. Mimi nalisifu jema lake bila kulifunika baya lake. Kuondoa sanamu kwenye fedha ni kazi ya fundi na nyundo. Kuiondoa tamaa ya utawala moyoni ni kazi ngumu zaidi. Sisi tunaogombea uongozi wa jumuiya kila mwaka tulikumbuke hilo. Allah atujaalie ikhlasi. Amin.