Julian Huxley, Mtazamaji wa Ndege

Wasomaji wenzangu, nimechagua habari za bwana huyu kwa sababu kazi yake yatuhusu sisi tusomao elimu ya viumbe hapa Kampala.

Julian Huxley alizaliwa London tarehe 22 Juni, 1887. Babu yake, Thomas Huxley, alikuwa mtaalamu mashuhuri aliyemtetea Darwin. Julian alisoma Eton, kisha Oxford.

Mwaka 1912 alitoa maandishi juu ya uchumba wa ndege mmoja wa ufukoni mwenye miguu myekundu. Dume huinua mabawa yake na kumwendea jike polepole, lakini jike ndiye mwenye kukubali au kukataa. Mwaka uo huo alitumia majuma mawili ya likizo kutazama ndege wa ziwani wenye vishungi. Dume na jike huzamia, huibuka na majani midomoni, kisha husimama juu ya maji kifua kwa kifua. Kwa kuwa huendelea hivyo hata wakiisha kuoana, Huxley alifahamu kwamba mchezo ule huwafunga pamoja.

Mwaka 1921 alifuatana na msafara wa Oxford mpaka Spitsbergen, nchi ya barafu isiyo na miti, ambako jua halichwi wakati wa kiangazi. Huko aliwatazama ndege wazamiaji wenye koo jekundu, watagao kando ya vidimbwi. Nao pia walicheza pamoja, dume na jike.

Mwaka 1929 Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilimtuma Afrika ya Mashariki, akafika na Uganda. Alishauri elimu ya viumbe ipewe mahali pakubwa katika shule zetu. Mwaka 1946 akawa mkuu wa kwanza wa UNESCO. Alikufa mwaka 1975.

Hakuwa mkamilifu. Alikuwa rais wa chama kilichotaka uzazi wa wanadamu uongozwe, kama wa mifugo. Hapo mimi simfuati.

Lakini kwa ndege namfuata. Baadhi ya ndege wa ufukoni watagao kule kaskazini huja kwetu baridi ikizidi, wakala matopeni pale Lutembe, kando ya ziwa. Hawadai ada wala kitabu. Huxley alipata sifa kwa macho, daftari na subira. Macho na daftari tunavyo, tuongeze subira.