Willy Messerschmitt: kutoka ndege za vita hadi ndege ya mafunzo

Mhandisi Willy Messerschmitt alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1898. Ndege zake za kivita, zikiwemo Bf 109 na jeti Me 262, zilitumikia jeshi la Hitler, na wafungwa walilazimishwa kuzitengeneza. Baada ya vita alizuiliwa miaka miwili. Kwa kuwa Ujerumani ilikatazwa kuunda ndege, alienda Uhispania.

Huko Sevilla, kwenye kampuni ya Hispano Aviación, yeye na wenzake walibuni HA-200 Saeta, ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, yenye injini mbili za Kifaransa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 12 mwezi wa nane 1955, ikawa jeti ya kwanza ya Uhispania. Misri nayo iliitengeneza.

Messerschmitt alifariki mwaka 1978. Ufundi wake unasifiwa hadi leo; mateso ya wafungwa wale hayajasahauliwa.