Nani alimuua Lumumba?

Ndugu wanachama, ulizo hili linarudi kila mwaka tarehe 17 mwezi wa kwanza ikifika. Mmoja anasema Wabelgiji, mwingine Wamarekani, mwingine anataja kabila la jirani yake. Tuangalie kwanza maisha yake.

Patrice Lumumba alizaliwa mwaka 1925 kule Onalua, Sankuru. Hakuwa mtoto wa mkubwa. Alifanya kazi ya posta Stanleyville, njo Kisangani ya leo, kisha akauzisha bia Léopoldville. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha MNC, chama cha inchi nzima, si cha kabila. Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 tulipata uhuru, yeye akiwa waziri mkuu wa kwanza, na miaka 34 tu.

Hakumaliza hata miezi mitatu. Jeshi liliasi, Katanga ya Tshombe ikajitenga. Mwezi wa tisa rais Kasa-Vubu akamfukuza, kisha kolonele Mobutu akachukua madaraka. Lumumba alitoroka ili afike Stanleyville, lakini mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili askari wakamkamata kwenye mto Sankuru.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, yeye, Mpolo na Okito walipandishwa ndege mpaka Elisabethville, njo Lubumbashi, wakipigwa njia nzima. Ile usiku walipigwa risasi porini. Tshombe na mawaziri wake walikuwepo, na maofisa Wabelgiji pia. Baadaye polisi mmoja Mbelgiji akayeyusha miili katika asidi.

Tarehe 13 mwezi wa pili, Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akatangaza kwamba wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua. Jina la kijiji akakataa kulitaja. Kumbe hakukuwa kijiji.

Basi ni nani? Wamarekani walileta sumu, haikutumika. Kinshasa ilimtuma, Katanga ikamuua. Bunge la Ubelgiji lilichunguza, na mwaka 2001 likakubali kwamba wakubwa fulani wa Ubelgiji walikuwa na hatia ya kimaadili. Mwaka 2002 serikali yao ikaomba musamaha. Kila mukono ulifanya kipande, ili kila mutu aweze kusema si yeye.

Ninyi mliorudi nyumbani mnaujua ule uongo wa kijiji. Wakubwa wanapanga, wadogo wanabebeshwa. Mutu akisema kabila fulani njo lilichoma nyumba zenu, mumuulize: nani aliamuru, nani alilipa? Hatia ina majina ya watu. Kabila halipandi ndege kwenda kuua.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi wa sita. Mpaka ile siku, hakuna aliyekuwa amehukumiwa kwa kifo chake.