Jagadish Chandra Bose, Mwalimu wa Calcutta

Jagadish Chandra Bose alizaliwa mwaka 1858 katika nchi ya Bengal, Bara Hindi, iliyokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa mtu wa cheo serikalini. Wenziwe waliwapeleka wana wao katika shule za Kiingereza, lakini yeye alimtia mwanawe katika shule ya wenyeji, ajue kwanza lugha ya kwao. Huko kijana aliketi pamoja na mwana wa mtumishi na mwana wa mvuvi.

Baadaye akaenda Uingereza kusoma, na mwaka 1885 akawa mwalimu wa fizikia katika chuo kikubwa cha Calcutta. Siku zile mwalimu Mhindi alipewa mshahara mdogo kuliko Mwingereza, ijapokuwa kazi yao ilikuwa moja. Bose aliona kuwa si haki. Hakugombana na mtu, wala hakuacha kufundisha. Ila kila mshahara ulipoletwa, aliukataa. Akafanya hivyo miaka mitatu, na huku baba yake ana deni. Mwisho wakubwa wakamlipa mshahara kamili, pamoja na ule wa miaka yote mitatu.

Hertz, Mdachi, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba yako mawimbi ya umeme yasiyoonekana. Bose akataka kuyachungua, lakini vyombo hapakuwa. Basi akamtwaa fundi wa bati, wakavitengeneza. Mawimbi yake yalikuwa mafupi sana, mengine urefu wake milimita 5 tu. Aliyaongoza ndani ya bomba, kama Wachaga waongozavyo maji ya Kilimanjaro katika mfereji yasipotee njiani; tena akafanya pembe yenye mdomo mpana ya kuyakusanya. Akachukua na kitabu cha saa za gari la moshi, akatia karatasi za bati kati ya kurasa: kikishikwa hivi, mawimbi hupita, kikigeuzwa, huzuilika.

Mwaka 1895 aliwaonyesha watu wa Calcutta ajabu hiyo. Mawimbi yakapenya ukuta, na upande wa pili kengele ikalia na baruti ikalipuka, wala hapakuwa na waya. Hakuvificha vyombo vyake ili apate mali.

Alikufa mwaka 1937. Hata leo pembe na bomba za namna ile zatumika katika vyombo vya kupeleka habari bila waya. Mtu aonaye minara ya simu huko Moshi na amkumbuke mwalimu yule, aliyedai haki yake bila kuiacha kazi yake hata siku moja.